Uzi Usiofungwa Fundo

Sogeeni, jamani, na mwenye haraka ya kwenda dukani aende kwanza, maana hadithi hii itamkera. Nataka niwasimulie habari za nyumba moja tu. Haikuwa nyumba ya walevi wala ya wezi. Ilikuwa nyumba ya watu wachapakazi, wenye adabu zao, ambao majirani waliwatolea mfano watoto wao. Ndiyo maana yaliyowapata yananiuma hadi leo.

Siku hiyo ilikuwa tulivu kweli. Jua la alasiri lilikuwa limeingia uani, na Bibi alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, koti lake mapajani na sindano mkononi. Lilikuwa koti la sufu, zito, la miaka na miaka. Bitana yake zamani ilikuwa shuka. Viwiko vilikuwa na kiraka juu ya kiraka, na vifungo vyake havikufanana hata viwili: kimoja cha mbao, kimoja cha shaba, kimoja cha buluu, na karibu na shingo kimoja kidogo cheupe ambacho hakifai hata kwa shati, sembuse koti.

Mwanawe alikuwa kwenye kigoda kando yake, akipumzisha miguu baada ya zamu. Mtaani walimwita Vifungo, kwa sababu tangu ujana wake kazi yake kiwandani ilikuwa hiyo hiyo, kutia vifungo kwenye makoti. Ndani, mkewe alikuwa akipiga pasi, na harufu ya nguo yenye joto ilifika mpaka uani.

Bibi alishona huku midomo yake ikicheza, taratibu, bila sauti. Alipofika mwisho wa uzi aliufunga fundo, akasema "Amina" ya kusikika, kisha akaunyoosha ule uzi kuelekea kwa mwanawe bila hata kumtazama.

"Kata."

Vifungo, mwanamume mzima na ndevu zake, akainama akaukata kwa meno. Mkasi ulikuwepo, tena karibu tu. Lakini kazi ya kukata uzi ilikuwa yake tangu alipokuwa mtoto wa kukaa miguuni pa mama yake, na hakuna siku hata moja mama yake alimwambia kwamba amekua.

"Ulikuwa unamtaja nani, Mama?"

"Baba yako. Kiwiko hiki ni chake. Alikuwa akinishika hapa tukivuka barabara."

Vifungo akakigusa kile kiwiko. "Yale maneno yanakwendaje vile? 'Huyu ni wako, nami namtaja…' Halafu?"

"Makubwa! Uliyajua kabla hujajua kufunga kamba za viatu."

"Yamenitoka kabisa."

"Basi keti vizuri nikufundishe. Si maneno ya kusema mtu umesimama kwa mguu mmoja."

Ni kweli alikuwa amekwisha kusimama, maana alisikia king'ora kikivuta pumzi kule mjini. "Kesho, Mama," alisema. "Nikitoka zamu."

King'ora kikalia. Vipaza sauti vya kila kona vikaitangaza Siku ya Upya: makoti mapya yametoka, kila nyumba ilete la zamani. Ndani, pasi ikatua kwa kishindo, na mkewe akatoka mbio kuja kusikiliza, uso umemng'aa. Utulivu wa alasiri ile ukaishia hapo.

Niwaeleze kidogo kuhusu mji wenyewe, msije mkadhani nawatungia vioja. Katikati ya mji palikuwa na nyumba ya ibada, kubwa, ya mawe. Kiwanda hakikuivunja. Kilianza kwa kuitengenezea paa, watu wakashukuru. Kikaweka rafu moja mlangoni, watu wakasema rafu moja ina ubaya gani? Kikaweka ya pili. Hakuna aliyefukuzwa, ndugu zangu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Watu walihama wenyewe mioyoni mwao wakiwa wamesimama mahali pale pale.

Sasa paliitwa Ukumbi. Watu waliendelea kunawa mikono kwenye bomba lile lile la zamani kabla ya kuingia, lakini ndani rafu zilikuwa zimepanda mpaka darini. Palipokuwa pa kiongozi wa ibada alisimama Msomaji, akizisoma bidhaa za wiki kwa mahadhi yale yale yaliyowaliza babu zao. Akimaliza anasema, "Kipya ni heri," nao wanaitikia, "Heri tupu." Hata barabarani walisalimiana hivyo. Kushona kilichochanika kulikuwa dhambi. Mtu akikutwa na kiraka alisimamishwa mbele ya wenzake, naye anatubu kwa maneno haya: "Nilitosheka, nisameheni." Mimi nikiyakumbuka sijui nicheke au nilie.

Na lilikuwepo neno jingine, kubwa kuliko yote, limeandikwa juu ya mlango: Kilichopita hakitajwi.

Neno hilo ndilo lililomwingiza mke wa Vifungo Ukumbini. Msimcheke. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike alfajiri moja, na kabla jua halijapanda mtoto akafa. Wanawake wenzake wakaja na mikoba mizuri, wakampa sabuni zenye harufu, pazia jipya na seti ya vikombe. Hakuna aliyemuuliza mtoto alifanana na nani. Nguo za mtoto zikapelekwa kwenye Kinu, ile mashine ya kusaga vitu vya zamani iliyokuwa nyuma ya Ukumbi. Kilichopita hakitajwi. Hata jina hakupewa. Tangu siku ile akawa mtu wa safu ya mbele. Alimwambia mumewe siku moja kwamba akifungua kitu kipya, ile harufu ya kwanza inamsahaulisha, kidogo tu, halafu inakwisha, na inabidi atafute kingine. Vifungo akatoka kwenda dukani. Akamnunulia kingine.

Basi Siku ya Upya ikawa inakaribia, na koti la Bibi likawa gumzo la mtaa. Msomaji mwenyewe alifika nyumbani, akakaribishwa kiti, akakataa hata maji.

"Vifungo," alisema, "wewe ndiye mtengeneza makoti. Mama mzazi anatembea na viraka! Watu wanasema. Na mwaka huu tulitaka wewe ndiye usimame mbele, ukaribishe makoti mapya."

"Mama ni mtu mzima," Vifungo akajibu, macho chini. "Ana mazoea yake."

"Mazoea ndiyo ugonjwa wenyewe, ndugu yangu."

Alipoondoka, mkewe akamshika mkono mumewe. "Tafadhali. Mimi sina ugomvi na mama. Lakini wakitusimamisha mbele tutubu, wakaanza kuulizana nyumba hii ina nini, inaficha nini… sitaweza. Nitavunjika pale pale."

Vifungo alimpenda mkewe. Alimpenda na mama yake. Lakini, nisiwafiche, siku ile lililomsukuma halikuwa pendo la yeyote. Ilikuwa haya. Alijiona tayari amesimama mbele ya watu wote, amevaa vizuri, halafu jicho la mtu linamtazama mama yake.

Siku ya Upya yenyewe ilipofika, Bibi alikuwa amejilaza baada ya chakula. Koti lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Vifungo akalitungua, akalikunja, akatoka nalo nje kama mtu anayetoa taka. Njiani akakiona kile kifungo kidogo cheupe karibu na shingo, akaona aibu nacho, hakikufanana na kitu chochote. Akaikunja kola kwa ndani ili watu wasikione, akafika mbele ya Kinu.

"Unaachia nini?" Msomaji akauliza, watu wote wakisikiliza.

"Koti la mama yangu."

"Kwa moyo mmoja?"

"Kwa moyo mmoja."

Kinu kilikwama kidogo kwenye vifungo, kikakohoa, kikameza. Watu wakaitikia, "Heri tupu!" na mkewe akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Vifungo akapewa koti jipya la kijivu la kumpelekea mama yake. Alipoligeuza ndani akaitambua kazi. Lilikuwa limepita mezani pake.

Sasa sikilizeni habari za meza ile. Mashine ilitia kifungo, na kazi ya Vifungo ilikuwa kuvuta mkia wa uzi na kuukata karibu kabisa na kitambaa. Juu ya meza iliandikwa kwa rangi nyekundu: KATA, USIFUNGE. Uzi usiofungwa fundo hushika majuma machache, kisha hulegea, kifungo kikadondoka, na mwenye koti, ambaye kushona ni dhambi, hana budi kungoja Siku ya Upya nyingine. Ndivyo Kiwanda kilivyokula. Vifungo alilijua hilo, jamani, alilijua kuliko mtu yeyote. Alisema tu moyoni, "Hivi vya Mama nitavirudia kwa mkono. Kesho." Wote mjini mle walikuwa hivyo, wakiamini kwamba kabla kitu hakijaharibika kingine kitakuwa kimekwisha kufika.

Bibi alipoamka alinyoosha mkono nyuma ya mlango. Macho yake hayakuona vizuri, akapapasa ule msumari, akaupapasa tena.

"Koti langu liko wapi?"

"Nimekuletea jipya, Mama. Shika uone. Zito, lina joto."

"Nauliza langu."

Vifungo akazidi kumsogezea lile la kijivu, na mama akaelewa. Alikaa kitandani polepole. "Na vifungo vyake? Hukuvikata kwanza?"

"Sikuwaza, Mama."

Vifungo alingoja agombwe. Alitaka agombwe, angalau roho itulie. Lakini Bibi alivaa lile koti la kijivu, akalifunga lote mpaka shingoni, akalinusa mkono. "Linanukia," alisema. "Ahsante, mwanangu." Kisha akaenda kukaa kizingitini bila kitu mapajani, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeweza kumkataza. Kila alfajiri alikwenda Ukumbini, si ndani, bali nje, upande wa ukuta wa nyuma, akasimama uso ukutani akasali. Watu walisema Bibi anazungumza na mawe. Yeye alisema mawe yale yalikuwepo kabla ya rafu, yana kumbukumbu.

Baridi ikaingia mwaka ule kwa fujo, upepo na manyunyu ya kutwa kucha. Asubuhi moja Vifungo alikuwa akinywa chai aliposikia mlango ukisukumwa. Mama yake alisimama pale ameloa, mkono mmoja umelikamata koti kifuani lisifunguke, mwingine umekunjwa ngumi. Akaiweka ile ngumi juu ya meza, akaifungua. Vifungo vya kijivu vikabingirika kati ya vikombe.

"Mali ya kazini kwenu," alisema, na alitabasamu kweli. "Niliviokota vyote, visije vikapotea."

Akaanza kukohoa, na kikohozi hakikuisha.

Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, akakunja uso. "Ni mapafu. Baridi imempiga kifuani moja kwa moja, na umri umekwenda. Hakuwa na koti?"

"Alikuwa nalo," Vifungo akasema. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wakarudi naye nyumbani. Mkewe akachemsha maji, akaleta blanketi jipya, akaleta jingine. Bibi akayaacha yote. Alinyoosha kidole kwenye lile koti la kijivu lililoanikwa kitini.

"Nishonee, baba. Kwa mkono wako. Kifungo cha juu tu kinanitosha. Na uyaseme yale maneno, unitaje mimi. Nimewataja watu wengi. Ningependa na mimi nisikie jina langu likitajwa."

Vifungo akavuta kigoda karibu na kitanda, akatunga uzi. Sindano ikaingia, ikatoka, vizuri tu, mkono wa fundi. Alipofika mwisho vidole vyake vikavuta mkia wa uzi na kuukata karibu na kitambaa. Kifungo kikateleza kikaanguka kitandani. Akaanza upya. Safari hii alijiangalia mwenyewe vidole kwa makini, na bado vilipofika mwisho vikavuta, vikakata. Kijasho kikamtoka.

Bibi akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika. "Wamekufundisha kweli kweli! Lete kidole." Akauzungusha uzi kwenye kidole cha mwanawe, mara moja, mara ya pili, akapitisha ncha katikati. "Hapa unavuta. Lakini si kabla hujamaliza maneno. Anza."

"Huyu ni wako, nami namtaja…"

"Ndiyo."

"Halafu nini, Mama?"

Bibi alikuwa akitafuta pumzi. Alinyoosha kiganja kumwambia angoje. Na hapo, ndugu zangu, king'ora kikalia.

Nimejiuliza sana juu ya dakika ile. Mtu anaweza kusema hakuwa na hiari, na mimi nitabisha, maana mlango wa Kiwanda haukuwa na mnyororo wa kumvuta mtu. Lakini miguu yake ilikuwa imesimama kabla yeye hajaamua. Maisha yake yote king'ora kilipolia alisimama. Akaichomeka sindano kwenye kola.

"Narudi, Mama. Nikitoka tu."

"Keti kidogo, mwanangu."

"Narudi sasa hivi." Akamwambia mkewe, "Kaa naye," akatoka.

Mezani pake makoti yalikuja mfululizo. Kata, usifunge. Kata, usifunge. Kwa kila kifungo alijikuta akisema chini chini, "Huyu ni wako, nami namtaja," na kila mara akafika ukingoni mwa maneno pale pale, akabaki amening'inia. Akamkumbuka mama yake alivyokuwa kijana, mwenye meno yote, akinyoosha uzi bila kumtazama. Akatamani kusikia tu lile "Kata." Akaenda kwa msimamizi.

"Naomba ruhusa. Mama yangu ni mgonjwa sana."

"Mzee?" msimamizi akauliza, hana hata ubaya, anataka kujua tu. "Si anaelekea kupita? Basi, bwana. Kilichopita hakitajwi."

Vifungo akamtazama. Ilikuwa kama amemwagiwa maji ya baridi. Mama yake alikuwa bado anapumua, na huyu amekwisha kumfuta! Akageuka akatoka katikati ya zamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, mkasi bado mkononi, akakimbia mvuani mpaka nyumbani.

Nyumba ilikuwa kimya. Mkewe alikuwa amekaa juu ya kitanda, kichwa cha Bibi kimelala mapajani mwake, koti la kijivu limemfunika mpaka shingoni. Mke hakuinua uso.

"Ametutoka," alisema.

Vifungo akapiga magoti kando ya kitanda. Kisha mkewe akaanza kuzungumza, sauti imekauka.

"Ulipoondoka aliniuliza kama mimi najua kufunga fundo. Nikamwambia, mama, ni dhambi. Akasema, 'Basi tutende hiyo moja tu, mkwe wangu.' Akanifundisha na maneno. Nilipoyashika, akaanza kuwataja watu wake, mmoja mmoja. Baba yako. Dada yake. Wewe." Akagusa nywele za Bibi. "Akamtaja mtoto wetu."

"Hana jina, mke wangu."

"Analo. Alimwita Alfajiri. Alisema alimtaja kila siku pale ukutani, miaka yote hii. Mimi nilidhani nimebaki peke yangu duniani ninayemkumbuka, tena kwa kuiba. Kumbe mle mle ndani ya nyumba yangu, mtu anamtaja." Machozi yakaanza kumtiririka, ambayo Vifungo hakuwahi kuyaona tangu siku ile ya msiba. "Yeye ndiye aliyemwosha, unakumbuka. Kabla nguo haijapelekwa kwenye Kinu alikata kifungo kimoja. Akakishona kwenye koti lake, karibu na shingo. Kidogo. Cheupe."

Vifungo akafunika uso kwa mikono. "Nilikiona," alisema. "Mke wangu, nilikiona. Nilikunja kola watu wasikione."

"Na mimi nilipiga makofi."

Wakalia pamoja, mwishowe, kilio walichokuwa wamenyimwa. Vifungo akauliza, "Hakuwa na hasira?"

"Nilimwambia, mama, kifungo kile kimesagwa, ni kwa sababu yangu. Akanipapasa uso. Akasema kifungo ni kifungo tu, jina halikupita kwenye Kinu. Halafu akaniambia nishone, maana hatuwezi tena kukungoja. Nikashona. Nikamtaja yeye. Alisikia, nakuapia, alisikia mpaka mwisho, na 'Amina' akaisema mwenyewe."

Vifungo akatazama shingoni pa koti. Kifungo kilikuwa kimekaa upande, na fundo lilikuwa bonge, baya, la mtu asiyewahi kushika sindano. Lakini lilikuwa limeshika. Na kutoka kwenye fundo hilo uzi ulikuwa bado unaning'inia, mrefu, sindano ikiwa mwishoni.

"Hukuumalizia," alisema.

"Alinikataza. Alisema nisiukate, hiyo ni kazi yako."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Niambie yale maneno. Yote."

Mkewe akapangusa uso, akayasema polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa pomoni: "Huyu ni wako, nami namtaja. Mfunike pale mkono wangu usipofika. Amina."

Vifungo akayarudia. Hakukwama. Mkasi wa Kiwanda ulikuwa bado mkononi mwake, akauweka chini. Akainama juu ya shingo ya mama yake, akaukata uzi kwa meno.

Msomaji alipokuja siku iliyofuata kudai koti lipelekwe kwenye Kinu, maana vya marehemu ni vya zamani, alimkuta mke amesimama mlangoni. "Kilichopita hakitajwi, dada," alimwonya. Naye akamjibu, "Kwenye nyumba hii kinatajwa," akamfungia mlango. Bibi alizikwa na koti lake, la kifungo kimoja.

Vifungo alirudi kazini siku chache tu, na makoti yaliyopita mezani pake siku hizo yapo mpaka leo, hayajadondosha kitu. Walipogundua walimtoa. Sasa hukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kushona vya watu. Wanaomzomea barabarani ndio hao hao wanaoingia kwa uani na nguo chini ya kwapa, wakinong'ona. Yeye huwauliza swali moja tu: nimtaje nani? Wengi jina linawatoka, na wanalia pale pale. Mkewe hukaa karibu naye, akikata uzi. Lakini jioni, watu wakiisha kuondoka, Vifungo hutazama ule msumari mtupu nyuma ya mlango. Maneno anayajua yote sasa. Anayajua kwa sauti ya mkewe. Kwa sauti ya mama yake alikuwa na kila siku ya kuyasikia, na kila siku alisema kesho.

Mafunzo

Ndugu zangu, vitu vipya havina kosa. Mimi mwenyewe napenda shati jipya. Kosa ni kuvipa vitu mahali pa Mungu na mahali pa watu, kisha kushangaa kwa nini moyo hautulii. Duka halijui kuomboleza. Kiwanda hakijui jina la mtoto wako. Ukiwaachia hao kazi ya kukufariji, watakuuzia faraja inayodondoka kabla ya msimu kuisha, ili urudi.

Basi wataje watu wako, walio hai na waliokwisha kwenda, na uwataje kwa sauti. Kama una mzazi anayejua maneno usiyoyajua, mwendee leo, uketi vizuri. King'ora kikilia, kiache kilie.